Fuata Uzito: Namna ya Kuipima Yoti ya Anasa ya Bahari Kuu

Kila Januari, ndani ya kumbi za maonyesho za Düsseldorf nchini Ujerumani, yoti kubwa za matanga husimamishwa nchi kavu juu ya viegemeo vya chuma. Wageni hupanga foleni, huvua viatu, hupanda ngazi na kuingia ndani. Huko hukuta sofa za ngozi, vitanda vipana, bafu zinazong'aa, jokofu la mvinyo na meza ya mbao iliyosuguliwa hadi inaakisi taa. Wakishuka hupiga picha ya omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kisha huenda kwenye yoti inayofuata. Mkuku, yaani pezi la chini ya chombo lenye tani kadhaa za madini ya risasi, wameupita wakipanda na wameupita wakishuka, na ni wachache walioinama kuutazama.

Naamini ukaguzi wa yoti uanzie hapo chini. Yoti ya anasa ya bahari kuu imebebeshwa kazi mbili zinazovutana. Inatakiwa iwe nyumba kamili, yenye maji moto, umeme, jiko, friza na kiyoyozi. Inatakiwa pia ivuke Atlantiki au Bahari ya Hindi ikiendeshwa na watu wawili au watatu tu, mara nyingi mume na mke waliostaafu. Kazi ya kwanza inaongeza uzito na kuupandisha juu. Kazi ya pili inataka uzito upungue, na ule unaobaki ukae chini kabisa. Mabishano mengi kuhusu vyombo hivi, yanayowachanganya hata wanunuzi wenye fedha nyingi, huanza kueleweka ukiuliza mambo matatu: uzito uko wapi, umeshikiliwa na nini, na utakuwa kiasi gani siku chombo kitakapong'oa nanga kikiwa kimejaa.

Kasi ndiyo inayotangazwa zaidi. Chombo kinachopasua maji hujitengenezea wimbi moja omoni na jingine tezini, yaani nyuma. Kinavyoongeza mwendo, mawimbi hayo huachana, mpaka umbali kati yake unalingana na urefu wa chombo kwenye mstari wa maji. Hapo chombo hukaa kwenye bonde baina ya mawimbi yake chenyewe, na kukitoa kunahitaji nguvu nyingi mno. Kanuni ya zamani ya wasanifu inasema: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mstari wa maji kwa mita, zidisha kwa 2.43, utapata kasi ya kikomo kwa noti. Noti moja ni maili moja ya baharini, kama kilomita 1.85, kwa saa. Chombo chenye mita 9 za mstari wa maji kinagota kwenye noti 7.3, chenye mita 16 kinafika 9.7. Njia ya kutoka visiwa vya Canary hadi Saint Lucia katika Karibi ni kama maili 2,700 za baharini. Kwa kasi hizo za kikomo, cha kwanza kingehitaji zaidi ya siku 15, cha pili chini ya 12. Hakuna anayedumu kwenye kikomo usiku na mchana, lakini tofauti inabaki palepale. Ndiyo maana yoti za siku hizi zina omo iliyosimama wima: urefu wote uliolipiwa unalazwa kwenye maji, na hakuna mita inayoning'inia hewani kwa ajili ya sura.

Kikomo hicho ni dari tu. Kukifikia kunategemea ukubwa wa matanga ukilinganishwa na uzito. Wasanifu hugawanya eneo la matanga kwa uzito uliopunguzwa kihesabu, ili boti ndogo na kubwa zilinganishwe kwa haki. Kwa jumla, uwiano wa 15 hadi 18 ni wa chombo cha safari. Ukipita 20 unaingia kwenye vyombo vyenye damu ya mashindano. Tuseme tuna yoti yenye mstari wa maji wa mita 16, uzito wa tani 30 na matanga ya mita za mraba 170. Uwiano wake unakaribia 18. Safi kabisa, na kipeperushi kitaandika kuwa ina kasi na utulivu kwa pamoja.

Sasa tuipakie. Dizeli lita 1,500 ni tani moja na robo. Maji lita 1,000 ni tani moja kamili. Mnyororo wa nanga wa milimita 12, mita 100, unakaribia kilo 330, na huo wote umerundikwa omoni, mahali pabaya kuliko pote. Ongeza boti ndogo na injini yake, vyakula vya miezi, vipuri, zana, matanga ya akiba, mitungi ya kuzamia na kikompresa chake. Tani 4 zinapatikana bila mtu yeyote kuona kuwa amebeba kitu. Uwiano ule wa 18 umeshuka hadi 16.5. Ni yoti ileile, matanga yaleyale, lakini kwenye upepo wa noti 8, ambao ni upepo wa siku nyingi sana baharini, mwenyewe atachoka kusubiri na kuwasha injini.

Kwa hiyo uzito ulioandikwa kwenye kipeperushi usiupokee kabla ya kujua ni wa chombo kitupu au kilichopakiwa. Mara nyingi ni kitupu. Mchoro wa kasi unaotolewa na wasanifu, ule unaoonyesha noti ngapi kwa upepo gani na kwa pembe gani, nao ni zao la programu ya kompyuta inayochukulia maji tulivu, bodi (mwili wa chombo) safi na matanga mapya yaliyokazwa na mjuzi. Ni mchoro mzuri wa kulinganisha yoti mbili za msanifu mmoja. Kukisia siku za safari kwa mchoro huo ni kujidanganya. Na kwenye yoti iliyotumika kuna alama isiyodanganya: mstari wa rangi ya chini. Ukiona umepandishwa sentimita kadhaa juu ya ule wa kiwandani, ujue chombo kimenenepa kwa miaka, na mwenyewe alichoka kuona mwani ukiota kwenye rangi nyeupe.

Kuna jaribio moja la mwendo ambalo wauzaji hawalitaji sana, nalo ni kubisha. Karibu yoti yoyote hukimbia upepo ukiwa nyuma au ubavuni. Kwenda kule upepo unakotoka ndiko kunakotenganisha. Pwani yetu inalifundisha hilo vizuri. Majahazi ya Lamu na Unguja yalipanda kwenda Arabuni na kusi na kuteremka na kaskazi, kwa sababu kupigana na msimu ni hasara ya matanga na ya watu. Yoti zinazotufikia leo kutoka Madagaska au Shelisheli hufuata kalenda hiyohiyo. Chukua anayetaka kutoka Kilifi kuelekea kusini mwezi Julai. Yoti yake inakwenda noti 7 kwenye maji, lakini kwa pembe ya nyuzi 50 kutoka kwenye upepo, ukihesabu na jinsi inavyosukumwa pembeni. Kuelekea anakotaka amepata noti 4.5 tu. Mkondo unaopanda kaskazini wakati wa kusi unaweza kumnyang'anya noti 2 au zaidi. Amebakiwa na noti 2 na nusu, mawimbi yakimpiga usoni. Mkuku mfupi uliochaguliwa ili yoti iingie kwenye maji madogo ya visiwani, au matanga mafupi mapana yanayokunjwa kwa kitufe, hudai malipo yake siku kama hiyo.

Kukosea kasi ni hasara ya muda. Kukosea uthabiti ni hasara ya roho. Agosti 1979, boti 303 ziliondoka Cowes, Uingereza, katika mashindano ya kuzunguka mwamba wa Fastnet kusini mwa Ireland. Dhoruba ikazikuta kati ya Ireland na Uingereza. Mabaharia 15 wa mashindano walikufa, boti 5 zilizama na 24 ziliachwa na watu wake. Nyingi kati ya hizo 24 zilikutwa baadaye bado zinaelea. Katika daraja la boti ndogo kabisa, moja tu ilimaliza: Assent, ya aina ya Contessa 32, chombo chembamba, kizito, chenye umbo la kizamani machoni mwa washindani wa wakati ule.

Uchunguzi uliofuata ulibadilisha namna wasanifu wanavyofikiri, na bado ndio msingi wa kila hukumu ya leo. Chombo hujizuia kupinduka kwa njia mbili. Ya kwanza ni upana: ubavu unapozama, maji yanausukuma juu. Ya pili ni farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo, iliyo chini: chombo kinapolala, uzito wa mkuku unakivuta kirudi. Upana hufanya kazi mapema na kwa nguvu, ndiyo maana yoti pana husimama wima bandarini na kumfurahisha mgeni. Lakini upana hauchagui upande. Chombo kipana kikishageuzwa juu chini, upana uleule unakishikilia hapo. Farumi hufanya kazi taratibu mwanzoni, na nguvu yake kubwa huja chombo kikiwa kimelala kabisa, wakati inapohitajika kuliko wakati wowote.

Kila yoti ina pembe ambayo ikiipita hairudi tena, huendelea kugeuka. Kanuni za Ulaya, zilizo za lazima tangu 1998 kwa boti zisizozidi mita 24, zina daraja A, daraja la bahari kuu: upepo unaozidi nguvu ya 8 kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort na mawimbi yanayozidi mita 4. Watu huiona herufi hiyo kwenye kibati na kutulia. Wasitulie upesi. Kwa boti yenye tani 15 au zaidi, kiwango kinachofuatwa kinaridhika na pembe ya nyuzi 100, yaani chombo kirudi baada ya kulala kabisa na kupita kidogo tu. Kwa yoti itakayovuka bahari ikiwa na familia, mimi ningetaka nyuzi 120, na ningetaka ziwe za chombo kilichopakiwa, boti ndogo ikiwa imening'inizwa tezini na tanga likiwa limekunjwa ndani ya mlingoti.

Baada ya Fastnet ilienea pia hesabu fupi inayogawanya upana kwa kipeuo cha tatu cha uzito. Jibu likiwa chini ya 2, chombo kinahesabiwa kinafaa. Yoti yetu ya tani 30, ikiwa na upana wa mita 5.2, inapata 1.7 na kufaulu vizuri. Shida ya hesabu hiyo ni kwamba haijui uzito uko wapi. Funga tani moja ya risasi kwenye ncha ya mlingoti, na hesabu itakuambia chombo kimekuwa salama zaidi. Inafaa kuchuja boti nyepesi zilizopanuka kupita kiasi. Zaidi ya hapo usiitegemee.

Kilo za juu ndizo ghali kuliko zote. Kilo 50 zilizo mita 20 juu ya kitovu cha uzito zinahitaji nusu tani ya risasi mita 2 chini yake ili zisawazishwe. Mashine ya kukunja tanga kuu ndani ya mlingoti, rada, taa, tanga la pili la mbele lililokunjwa kwenye waya wake, yote yanakaa huko. Mlingoti wa kaboni una bei ya kutisha, lakini kati ya vitu vyote vya ghali kwenye orodha ya nyongeza, ni mmojawapo wa vichache vinavyonunua usalama halisi.

Mfano mchungu zaidi wa miaka ya karibuni ni wa Bayesian. Yoti hiyo ya mita 56, iliyojengwa 2008 na Perini Navi wa Italia, ilikuwa na mlingoti mmoja wa mita 72. Alfajiri ya 19 Agosti 2024, ikiwa imetia nanga karibu na Porticello, Sicily, ilipigwa na dhoruba ya ghafla, ikalala, ikazama. Kati ya watu 22 waliokuwamo, 7 walikufa. Ripoti ya awali ya wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza, iliyotoka Mei 2025, ilieleza kwamba katika hali iliyokuwamo, matanga yakiwa yamefungwa, ubao wa kati wa mkuku ukiwa umepandishwa na matangi yakiwa na akiba kidogo, chombo hakingerudi kikipita nyuzi 70.6, na upepo wa ubavuni unaozidi noti 63.4 ungetosha kukipindua. Kitabu cha uthabiti kilichokuwa chomboni hakikuwa na taarifa za hali hiyo, hivyo mwenye chombo na mabaharia hawakuzijua. Haikusaidia kitu kwamba tanga hata moja halikuwa limepandishwa: mlingoti mtupu wa urefu ule ulitosha kuukamata upepo. Katika kuikagua yoti ya anasa, sijui ombi lililo muhimu kuliko hili: omba kitabu cha uthabiti, na uulize kimehesabu hali zipi. Muulize na msanifu, kwa maandishi, chombo kinafanyaje matangi yakiwa matupu na ubao ukiwa juu.

Uzito ukishawekwa mahali pake, inabaki namna ulivyoshikiliwa. Mkuku wa tani 10 haukai ukining'inia kwa upole. Chombo kikilala, unavuta bolti za upande mmoja kwa nguvu ya wenzo. Ukigonga mwamba, makali ya mbele yanaivuta sakafu chini na makali ya nyuma yanaisukuma juu. Mei 2014, Cheeki Rafiki, boti ya karibu mita 12 iliyokuwa ikirudi Uingereza kutoka Antigua, ilipoteza mkuku katikati ya Atlantiki, na mabaharia wake wanne hawakupatikana. Wachunguzi waliyanyoshea kidole matukio ya kugonga chini na matengenezo ya awali, yaliyoweza kudhoofisha gundi inayoshika mataruma ya ndani, yaani mbavu za chombo, kwenye bodi. Hiyo haikuwa yoti ya anasa, na wengi walijifariji hivyo. Julai mwaka uliofuata, Polina Star III, Oyster 825 mpya ya mamilioni, iliachana na mkuku wake pamoja na kipande cha bodi ikiwa safarini pwani ya Uhispania. Namshukuru Mungu watu wote waliokolewa. Oyster ni jina la heshima tangu 1973, na yoti zake zimezunguka dunia mara nyingi. Kampuni yenyewe ilieleza kuwa huenda udhaifu ulitokana na namna muundo wa ndani wa bodi ulivyojengwa. Februari 2018 ikaanguka kifedha, na mwezi uliofuata ikapata mmiliki mpya.

Kwa hiyo jina na bei si ushahidi. Ushahidi uko chini ya sakafu. Inua ubao wa sebuleni, washa tochi, piga magoti. Utaona mataruma yanayokatiza kutoka ubavu hadi ubavu, na kati yake safu ya nati kubwa juu ya vibati vinene vya chuma. Angalia pale taruma linapokutana na bodi: ufa mwembamba kama unywele kwenye kona hiyo ni habari kubwa. Doa la kahawia chini ya nati moja, wakati wenzake ni wasafi, ni habari pia. Gonga kwa mpini wa bisibisi ukifuata urefu wa taruma. Sauti ikibadilika kutoka kali kuwa butu, gundi imeachia. Halafu uone kama unaweza kuifikia nati ya mwisho. Kwenye yoti nyingi za anasa huifikii, kwa sababu juu yake kuna tangi, na juu ya tangi kuna kabati lililojengwa kabla sitaha haijafunikwa. Hilo lenyewe naliona kasoro ya usanifu, hata kama nati zote ni nzima. Chombo ambacho hakiwezi kukaguliwa Tahiti au Mombasa hakijasanifiwa kwa ajili ya Tahiti wala Mombasa.

Usukani una mjadala wake. Zamani yoti za safari zilikuwa na tezi nyembamba na usukani mmoja uliolindwa mbele yake na pezi lililojengwa kwenye bodi. Siku hizi tezi zimepanuka hadi zinakaribia kulingana na katikati ya chombo. Hata kampuni ya Hallberg-Rassy ya kisiwa cha Orust, Sweden, inayojulikana kwa uangalifu wake, ilipotoa modeli yake ya 44 mwaka 2016, kazi ya msanifu Germán Frers wa Argentina, iliipa tezi pana na sukani mbili. Sababu ni za kweli: nyuma panapatikana chumba kikubwa, chombo kinakimbia vizuri upepo ukiwa nyuma, na kikilala, usukani wa upande wa chini unabaki wima ndani ya maji, wakati usukani mmoja wa katikati ungenyanyuka nusu. Hasara nazo zipo. Sukani mbili zinakaa pembeni bila mkuku kuzikinga na magogo, na bandarini maji ya pangaboi hayazigusi, kwa hiyo chombo hakigeuki mpaka kishike mwendo. Tangu 2020, orka, yaani nyangumi wauaji, wa pwani ya Uhispania na Ureno, hasa karibu na mlangobahari wa Gibraltar, wamekuwa wakivunja sukani za yoti, na baadhi zimezama. Baada ya hapo kuwa na usukani wa pili kumepata maana mpya. Mimi nazikubali sukani mbili kwa sharti kwamba kila moja ina chumba chake kilichotengwa kwa ukuta usiopitisha maji, ili mmoja ukivunjika na kupasua bodi, maji yasifike vitandani.

Kuhusu starehe, neno hilo nalitetea, maana watu huliona la kitajiri tu. Baharini starehe ni akili timamu. Mtu ambaye hajalala usiku wa pili hukosea hesabu, husahau kujifunga kamba, huacha tundu wazi. Kwa hiyo kitanda kipana cha katikati ya chumba, fahari ya kila maonyesho, kwangu hakina alama yoyote mpaka nione pa kulala chombo kikienda mrama: kitanda chembamba karibu na katikati ya chombo, chenye kitambaa cha kumzuia mtu asiviringike. Sebule pana nayo ni hatari ikikosa vishikio, maana anayeteleza anaanguka mbali zaidi. Jiko liwe la umbo la U, dogo kiasi kwamba mpishi anakwama ndani yake kwa makalio na mikono yote miwili inabaki huru. Omo bapa hupiga wimbi kwa mshindo unaotikisa vikombe na kumwamsha kila mtu. Omo yenye kina hupasua na kupita. Kioo kigumu cha mbele cha Hallberg-Rassy na kuta zisizopitisha maji za Amel wa La Rochelle, Ufaransa, aliyesanifu yoti zake kwa ajili ya watu wawili wanaozunguka dunia, ni anasa ninayoielewa: inamkausha msimamizi wa zamu na kumpa usingizi aliyelala.

Na haina haja ya kuua mwendo. Mashindano ya kwanza ya Whitbread ya kuzunguka dunia, 1973 hadi 1974, yalishindwa, kwa muda uliorekebishwa ili vyombo tofauti vilinganishwe kwa haki, na Sayula II, yoti ya kawaida ya kiwandani aina ya Swan 65, iliyochorwa na Sparkman & Stephens wa New York na kujengwa na Nautor wa Pietarsaari, Finland. Nahodha wake, Ramón Carlín wa Meksiko, alikuwa na mke wake chomboni, na mvinyo pia. Katika bahari ya kusini wimbi liliilaza yoti hiyo vibaya mno, ikainuka, ikaendelea. Chombo kilikuwa na mbao nzuri, vitanda na jiko, na mkuku wenye uzito wa kutosha.

Mashine nitazipitia upesi, kwa kuwa hukumu yake ni fupi. Winchi za umeme, matanga ya kukunjwa kwa kitufe, msukumo wa pembeni omoni, betri za lithiamu, mashine ya kuyafanya maji ya bahari yanyweke: vyote vinaruhusu watu wawili waendeshe chombo ambacho zamani kingehitaji wanane. Swali ni moja tu kwa kila kimoja. Umeme ukikatika saa nane usiku, upepo ukipanda kutoka noti 20 hadi 40, je, tanga linapungua kwa mkono? Lifanywe mbele yako, fyuzi ikiwa imetolewa, na anayezungusha mpini awe yule mdogo wa mwili katika familia.

Safari ya majaribio ifanyike kwenye noti 20 za upepo na bahari iliyochafuka. Muuzaji atapendekeza asubuhi tulivu. Subiri siku nyingine. Toka nje kabisa ya kizuizi cha bandari, bisha kwa saa nzima, uone noti na pembe kwa pamoja, kisha uachie gurudumu la usukani. Yoti iliyosawazishwa itajipeleka kidogo na kuugeukia upepo taratibu. Inayokupokonya usukani mkononi itakula umeme wa nahodha wa kompyuta kila usiku wa safari. Shuka ndani wakati ingali imelala, funga mlango, usikilize. Makabati yakilia na milango ya vyumba ikikataa kufunguka, bodi inajipinda. Chemsha chai. Ingia chumba cha injini na ubadilishe kichujio cha dizeli kwa mkono wako. Mkirudi, kabla ya kuzungumzia bei, yoti itolewe majini na mkaguzi wako wewe, si wa muuzaji, apewe siku nzima peke yake na mkuku.